Nzi askari, rundo la mboji au minyoo: uchague kipi kwa taka ulizonazo?

Ukiniuliza kama nzi askari weusi ni njia nzuri ya kumaliza taka zinazooza, nami nitakuuliza: una kuku? Una samaki, au nguruwe? Kama huna, na hakuna mtu wa karibu atakayewachukua funza, yaani watoto wa nzi hawa wanaokula taka na kisha kulishwa mifugo, kila wiki, basi sehemu za mboji na minyoo zisome kwa makini zaidi, maana huenda unataka kujitwisha kazi isiyo na faida kwako.

Nzi hawa wamesifiwa sana, na sifa nyingi ni za kweli. Kinachosahaulika ni kwamba hii ni mifugo. Inataka kulishwa kwa wakati, kuzalishwa, kulindwa na baridi na sisimizi, na kuvunwa siku yake ikifika. Rundo la mboji ukilisahau wiki tatu utalikuta palepale, limepoa tu. Beseni la funza ukilisahau wiki tatu, utakuta wameshatambaa na kuondoka zao.

Nani anafanya kazi

Nzi askari mweusi, Hermetia illucens kwa jina la kisayansi, asili yake ni mabara ya Amerika, na siku hizi ameenea karibu kote duniani penye joto la kutosha. Ni mweusi, mwembamba, mrefu kuliko nzi wa nyumbani, na wengi humdhania nyigu ingawa hana mwiba. Akishakuwa mzima hatafuti tena chakula. Anaishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa funza, na akipata maji huongeza siku kadhaa. Ndiyo maana hana haja ya kuja kutua kwenye sahani yako, na hahesabiwi miongoni mwa nzi wanaoeneza maradhi.

Mlaji ni funza. Yai huanguliwa baada ya siku nne hivi, na anayetoka ana urefu wa milimita moja tu. Joto likiwa nyuzi 27 hadi 30 na chakula kikiwepo, ndani ya wiki mbili au tatu anafikia sentimita 2 na kupita. Kisha rangi yake inageuka kutoka maziwa kwenda kahawia iliyokolea, anaacha kula, na anatambaa kutafuta mahali pakavu penye giza awe pupa, yaani atulie ndani ya ganda hadi atoke nzi. Kutoka yai hadi yai lingine ni takriban siku 40 hadi 45.

Kwenye mboji wafanyakazi hawaonekani. Ni bakteria na kuvu, na wanadai hewa, unyevu, na mchanganyiko wa vitu vibichi vyenye nitrojeni na vikavu vyenye kaboni. Vitabu vinasema sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Kwa kipimo cha mkono, ndoo moja ya maganda mabichi huenda na ndoo mbili au tatu za majani makavu. Rundo likifika kama mita moja kila upande na mita moja kwenda juu, linashika moto lenyewe na katikati huvuka nyuzi 55.

Minyoo ya kuozesha taka si ile unayoikuta ukilima. Inayofugwa zaidi ni minyoo wekundu, Eisenia fetida, wanaoishi juu juu kwenye uozo. Penye joto zaidi hufugwa pia Eudrilus eugeniae, ambao asili yao ni Afrika. Mnyoo mwenye afya hula kama nusu ya uzito wake kwa siku.

| | Nzi askari | Rundo la mboji | Minyoo |
|---|---|---|---|
| Muda | Wiki 2 hadi 3 za kulisha | Miezi 3 hadi 6 | Miezi 2 hadi 4 |
| Joto | Nyuzi 27 hadi 30 | Linajitengenezea | Nyuzi 15 hadi 25 |
| Unyevu wa taka | Asilimia 70 hadi 80 | Asilimia 50 hadi 60 | Asilimia 70 hadi 80 |
| Unachopata | Funza, na masalia ambayo hayajakomaa | Mboji | Mbolea laini, na minyoo wachache wa ziada |
| Kisichofaa | Mabua, majani makavu, mifupa, vumbi la mbao | Nyama na mafuta. Majimaji matupu | Chumvi, mafuta, malimau, samadi ya moto |
| Ukiondoka wiki mbili | Mavuno yamekupita | Hakuna neno | Hakuna neno, kama umelisha kabla na kuna unyevu |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio ninaoupa uzito kuliko yote, na ndio usiozungumzwa.

Angalia ndoo kwanza

Kabla hujajenga chochote, kwa muda wa wiki moja mwaga taka zako chini mahali pamoja kila jioni na uziangalie. Ni majimaji au ni makavu? Zinaoza siku mbili au zinakaa mwezi?

Funza wa nzi askari anashinda bila mpinzani kwenye taka laini, mbichi na zenye maji: maganda ya matunda, mboga zilizonyauka, nafaka zilizopikwa na kubaki, machicha ya viwanda vya vinywaji, matunda yaliyoanguka na kupasuka. Hizi ndizo taka zinazomshinda mwenye rundo la mboji, kwa sababu zinabonyea, zinafukuza hewa, na rundo linaanza kunuka kama yai bovu. Hapo funza anakula usiku na mchana. Ukiinamia beseni lililojaa utasikia mchakacho mdogo mdogo kama majani makavu yanayosuguliwa, na ukiweka kiganja juu utahisi fukuto. Joto hilo wanalitoa wenyewe kwa kusongamana na kula.

Ila mpe mabua, magome, nyasi kavu au majani ya miti, utamkuta baada ya wiki mbili mdogo vilevile, na majani yapo. Funza hana uwezo wa kuvunja ugumu wa mti. Kazi hiyo ni ya kuvu, na kuvu wanaishi kwenye rundo la mboji. Shamba ambalo taka zake nyingi ni mabaki ya mavuno, matandazo ya banda na matawi yaliyopogolewa halina sababu ya kuhangaika na nzi.

Samadi ni habari ya kati. Ya kuku na ya nguruwe funza anaila vizuri. Craig Sheppard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walionyesha hilo miaka ya 1990 chini ya vizimba vya kuku wa mayai: samadi ilipungua karibu nusu, na nzi wa nyumbani wakakosa pa kutagia kwa sababu funza wa nzi askari walikuwa wamejaa. Samadi ya ng'ombe inaliwa pia, lakini polepole, na funza wanatoka wadogo, kwa vile ng'ombe ameshachukua kilicho bora. Mwenye ng'ombe wengi na anayepika kila siku afikirie biogesi kwanza: samadi na maji nusu kwa nusu, gesi ya kupikia inatoka, na tope linalobaki ni mbolea. Gharama ya ujenzi ni kubwa kuliko njia zote tatu, lakini hakuna funza wala mnyoo atakayekuwashia jiko.

Na hapa kuna mtego ambao wafugaji huingia bila kujua. Samadi ya mnyama aliyepewa dawa ya minyoo aina ya ivermektini hubaki na dawa hiyo kwa siku nyingi, na dawa hiyo inaua mabuu ya nzi. Vivyo hivyo dawa za kuzuia nzi zinazochanganywa kwenye chakula cha kuku. Ukiona funza wachanga wote wamekufa ndani ya samadi inayoonekana nzuri kabisa, uliza kwanza mnyama alitibiwa lini.

Minyoo nao wana tabia za mlaji mwenye kuchagua. Wanapenda taka iliyokwisha kuoza kidogo, kwa hiyo wengi huiacha kwanza ipoe kwenye rundo kwa wiki mbili au tatu. Ukiwamwagia mzigo mkubwa wa taka mbichi, zinapata moto na minyoo wanakufa au wanakimbia. Kwa jiko dogo linalotoa kidogo kidogo kila siku wanafaa mno. Shamba linalomwaga toroli tano kwa mpigo litawaua.

Hesabu ambayo haifanywi

Kwenye hali nzuri, nzi askari hupunguza uzito wa taka mbichi kwa hadi asilimia 80, na hadi asilimia 25 ya uzito huo inageuka funza hai. Hizo ni "hadi". Mtu anayeanza akipata asilimia 10 hadi 20 ashukuru.

Tuchukue nyumba inayotoa kilo 1 ya taka za jikoni kwa siku. Mambo yakienda vizuri, hiyo ni gramu 200 za funza. Lakini funza hai ni maji kwa karibu theluthi mbili, kwa hiyo kikavu ni gramu 65 au 70. Kuku mmoja wa mayai anakula takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku. Maana yake jiko zima halimtoshelezi hata kuku mmoja kwa uzito. Kama kitoweleo cha protini kwa kuku watano au sita ni jambo la maana, kwa sababu kwenye ukavu wake funza ana protini ya asilimia 35 hadi 45, na mafuta mengi. Lakini anayekuambia kwamba ndoo ya jikoni itaondoa gharama ya chakula cha kuku hajapiga hesabu.

Sasa shamba au soko linalotoa kilo 50 kwa siku. Funza hai kilo 5 hadi 10, yaani kilo 1.5 hadi 3 za kikavu. Kuku 100 wa mayai wanakula kilo 11 au 12 kwa siku. Ukitaka funza wachukue asilimia 10 hadi 15 ya chakula chao, unahitaji kilo 1.2 hadi 1.8. Hapo hesabu inakaa. Ndiyo maana naona nzi askari anaanza kulipa penye wingi wa taka na penye mifugo, vyote viwili kwa pamoja.

Nafasi nayo inatofautiana sana. Taasisi ya utafiti ya Eawag ya Uswisi, iliyofanyia kazi jambo hili Indonesia, imeweka kipimo ambacho wengi wanakifuata: beseni la sentimita 60 kwa 40, kina 17, funza 10,000 wa siku tano, na kilo 15 za taka mbichi zinazotolewa kwa awamu tatu ndani ya siku 12. Kwa kilo 50 kila siku, unakuwa na kilo 600 zinazoliwa kwa wakati mmoja, yaani mabeseni 40. Yakipangwa manne manne kwenda juu, eneo lake ni chini ya mita za mraba 3, ukiacha njia ya kupita. Kazi hiyohiyo kwa minyoo inataka kilo 100 za minyoo, na kwa msongamano wa kawaida wa kilo 5 kwa mita ya mraba, hiyo ni mita za mraba 20 za kitanda. Kwenye mboji, ikiwa inakomaa kwa miezi minne, utakuwa umeshaleta tani 6 za taka kabla ya kutoa ndoo ya kwanza, na juu yake utafute vitu vikavu vya kuchanganya. Kwa mwenye ua mdogo na taka nyingi, hapa ndipo nzi anapopata ushindi wake ulio wazi.

Ugumu uko kwenye mayai

Kulisha funza ni rahisi. Kinachowashinda watu ni kuwapata wengine baada ya hao kwisha. Beseni moja linadai funza 10,000, na mabeseni matatu au zaidi yanaanzishwa kila siku kwa mfano wetu wa kilo 50. Kwa uzito si kitu, maana gramu 1 ya mayai ina takriban mayai 35,000 au zaidi, lakini hiyo gramu lazima ipatikane kesho, na kesho kutwa, mvua ikinyesha au jua likiwaka.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuwavuta wa porini. Weka chombo chenye taka zilizochachuka mahali penye kivuli, na juu yake vibao. Sehemu zenye joto watakuja. Ni bure, na inafaa kwa nyumba. Ubaya wake ni kwamba kuna wiki wanakuja wengi na wiki hawaonekani, na nzi wa nyumbani mara nyingi huwatangulia.

Ya pili ni kizimba chako mwenyewe. Unaacha sehemu ndogo ya mavuno wawe pupa mahali pakavu penye giza, kisha wanapotoka wakiwa nzi wanaingia kwenye kizimba cha neti chenye mwanga wa jua. Bila mwanga mkali hawapandani, na balbu ya kawaida ya chumbani haiwadanganyi. Jike hatagi juu ya taka. Anatafuta ufa mkavu ulio karibu na harufu ya uozo. Kwa hiyo unachukua vibao vitatu vyembamba, unaviachanisha kidogo kwa njiti, unavifunga pamoja kwa mpira, na kuvilaza juu ya chombo cha taka zinazonuka. Siku mbili baadaye ukivifungua, utaona kwenye nyufa vishada vya rangi ya maziwa, kila kimoja kikiwa na mayai mia kadhaa, yamepangana kama punje za mchele zilizobanwa. Unavikwangua kwa ncha ya kisu butu, unavipima, na kuviangulia juu ya chakula laini chenye unyevu. Kazi yenyewe ni nyepesi. Uzito wake uko kwenye neno "kila siku".

Ya tatu ni kununua funza wachanga au mayai kwa mzalishaji. Kama yupo, ningemshauri mtu aanze hapo na aache kizimba kwa mwaka wa kwanza. Utajua kama taka zako zinakubali na kama mifugo yako inawala, kabla hujawekeza kwenye neti.

Mboji haina tatizo hili kabisa, maana bakteria wapo kila mahali. Minyoo unawanunua au kuwaomba kwa mtu mara moja, na baada ya hapo wanazaana wenyewe humohumo wanamolia.

Unyevu, harufu na majirani

Taka za funza zikiwa majimaji, wanapanda kuta za beseni na kutoroka, na siku ya kuvuna hutaweza kuchekecha kitu. Zikikauka, hawawezi kula. Kipimo hakihitaji kifaa: jaza kiganja taka zilizokatwakatwa, ukamue kwa nguvu. Matone machache yakipenya kati ya vidole, zinafaa. Yakitiririka, changanya pumba au kitu kingine kikavu. Tandaza kina kisichozidi sentimita 5, kwa sababu chini zaidi hakuna hewa, na pasipo hewa ndipo harufu mbaya inapoanzia.

Tusidanganyane kuhusu harufu. Beseni linaloendeshwa vizuri linanuka uchachu, na taka zenye protini nyingi zikiliwa hutoa amonia inayochoma pua. Rundo la mboji lililogeuzwa vizuri linanuka udongo baada ya mvua. Kitanda cha minyoo hakinuki kabisa, na unaweza kukiweka hata chini ya meza ya jikoni. Anayeishi ukuta kwa ukuta na jirani achague minyoo, amalize.

Sisimizi ni adui wa funza na pupa. Miguu ya meza au kichanja iwekwe ndani ya makopo yenye maji. Ndege na panya nao wanawajua funza ni watamu.

Usalama wa kinachotoka

Hapa mboji inarudi kwa nguvu. Rundo lililokaa juu ya nyuzi 55 kwa muda wa kutosha, likageuzwa ili sehemu za nje zipite katikati, huua vimelea vingi vya maradhi na mbegu za magugu. Funza na minyoo hawafikii joto hilo. Majaribio yameonyesha kwamba funza wa nzi askari hupunguza bakteria kama Salmonella kwenye samadi, lakini mayai ya minyoo ya tumboni hubaki hai. Kwa hiyo masalia ya funza waliolishwa samadi yasimwagwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi bila kupitishwa kwenye rundo la moto.

Funza pia hukusanya kadimiamu mwilini, metali nzito yenye sumu. Taka za barabarani zilizochanganyika na betri, rangi na vumbi la viwanda zisiguse beseni ambalo mavuno yake yanakwenda kwa mnyama anayeliwa na watu.

Sheria nazo zina neno. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki wa kufugwa mwaka 2017, na kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, lakini unawahesabu wadudu hao kuwa mifugo: hawaruhusiwi kulishwa samadi wala mabaki ya jikoni na mikahawani. Nchi nyingine zina masharti yao. Kama unawalisha kuku wako mwenyewe ni jambo moja. Kama unauza funza, uliza kwanza.

Kabla ya kulisha mifugo, wachovye funza kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha waanike. Wavune wakiwa bado weupe, kabla hawajageuka kahawia: wakati huo ngozi ni laini na kuku anawasaga vizuri. Mwenye beseni moja la nyumbani anaweza kuwaachia wajivune wenyewe. Weka ubao ulioinama kama nyuzi 35 hadi 45 kutoka ndani ya chombo hadi ndoo iliyo nje. Waliokomaa watapanda na kudondoka humo usiku. Watakuwa weusi na wagumu zaidi, ila hutakuwa umetumia chekeche.

Masalia ya funza si mboji

Wauzaji wengi hulipita hili haraka. Kinachobaki kwenye beseni baada ya siku 12 kinafanana na mboji, lakini bado hakijatulia: kina amonia, na kikiwekwa kwenye miche kinaweza kuiunguza. Kiache kwenye rundo wiki kadhaa, au wape minyoo. Kwa kweli mpangilio ninaoukubali zaidi kwa shamba la kati ni huu wa kupokezana: taka laini kwa funza, masalia pamoja na majani makavu kwenye rundo, na sehemu ndogo iliyopoa kwa minyoo kwa ajili ya kitalu. Ubora wa mbolea ya minyoo hauna mshindani kati ya hizi tatu. Ni laini, haichomi, na miche inaipenda. Kwa shamba zima haitatosha kamwe, kwa hiyo iwekwe pale penye mbegu.

Ningechagua nini

Nyumba ya mjini isiyo na mifugo: minyoo. Kama kuna ua na miti inayopukutisha majani, rundo la mboji, basi.

Nyumba yenye kuku wachache: chombo kimoja chenye ubao wa kupandia, kwa nzi wa porini, kwa furaha ya kuku zaidi kuliko kwa hesabu. Taka nyingine ziende kwenye rundo.

Mfugaji wa kuku mia na kuendelea, au wa samaki, aliye karibu na soko la mboga au kiwanda cha vinywaji: nzi askari, bila kusita, mradi kuna mtu mmoja ambaye hii ndiyo kazi yake. Ikiwa ni kazi ya "yeyote atakayekuwa na nafasi", kizimba kitakufa ndani ya mzunguko wa pili.

Mkulima wa nafaka mwenye mabua na samadi ya ng'ombe: mboji, na uma wa kugeuzia ulio imara.

Anayeishi penye majira ya baridi: chini ya nyuzi 20 funza wanazubaa, na kuwapasha moto miezi minne kunakula faida yote. Kwake nzi ni kazi ya msimu. Anunue funza wachanga joto linapoanza, avune mabeseni ya mwisho kabla baridi haijaingia, na taka za miezi iliyobaki zote ziende kwenye rundo kubwa la kutosha kushika moto, lililofunikwa kwa turubai.